Nikolai Schmidt: msikilizaji wa kijijini aliyewasikia waliopotea kwenye barafu

Tarehe 3 Juni 1928, kijana mmoja katika kijiji cha Voznesenye-Vokhma, kaskazini mwa Urusi, alinasa ujumbe wa kuomba msaada kwenye redio aliyoiunda mwenyewe. Ujumbe huo ulitoka kwa watu waliokuwa wamekwama juu ya barafu ya bahari, kaskazini ya mbali. Dunia nzima ilikuwa ikiulizana wako wapi, na meli yao ya msaada iliyotia nanga karibu zaidi ilikuwa haijasikia kitu kwa siku tisa. Kijana huyo aliitwa Nikolai Schmidt.

Wasikilizaji wengi wa vipindi vyetu walikua na redio za masafa mafupi nyumbani, zile za kuzungusha kitufe taratibu huku waya wa antena umefungwa juu ya mti. Kwa hiyo habari ya Schmidt si ngeni sana kwetu. Katika makala hii tunaeleza maisha yake, kazi aliyoifanya, kwa nini redio yake ndogo ilisikia kile ambacho mitambo mikubwa haikusikia, na namna alivyolipwa mwishoni.

Mwanaredio wa ridhaa ni nani?

Kama ilivyo kwa mabondia wa ridhaa, ambao hupigana bila kulipwa mshahara, wako pia wanaredio wa ridhaa. Hawa ni watu wanaotuma na kupokea mawasiliano ya redio kwa kupenda kwao, kwa kujifunza na kwa kusaidia wenzao. Hawarushi matangazo, muziki wala biashara. Mmoja huita, mwingine aliye mji au nchi nyingine humjibu, wanaambiana jinsi wanavyosikika, kisha wanaandika daftarini tarehe, saa na masafa. Wengine hawatumi kabisa, wao husikiliza tu. Schmidt alijulikana zaidi kama msikilizaji.

Watu hawa wana mchango mkubwa katika historia ya redio. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, kwa sababu wataalamu wa wakati ule waliamini mawimbi mafupi hayana faida kwa safari ndefu. Wanaredio wa ridhaa hawakukata tamaa. Mwezi Novemba 1923, wenzao wawili wa Marekani na mmoja wa Ufaransa waliongea kwa kujibizana kuvuka bahari ya Atlantiki kwa mawimbi ya karibu mita 100. Kumbe yale "makombo" waliyoachiwa ndiyo yaliyokuwa na uwezo wa kuzunguka dunia. Miaka mitano baadaye, makombo hayohayo ndiyo yaliyookoa maisha ya watu kwenye barafu.

Kijana wa Vokhma

Schmidt alizaliwa mwaka 1906 mjini Kiev, katika familia yenye asili ya Kijerumani. Wakati wa tukio hili alikuwa na miaka 22 hivi, na alikuwa akiishi Voznesenye-Vokhma, kijiji cha misitu na baridi kali, mbali na miji mikubwa. Hakuwa mhandisi wa serikali wala askari wa mawasiliano.

Redio yake ilikuwa na valvu moja tu, yaani ile taa ndogo ya kioo iliyofanya kazi ya kukuza sauti kabla ya kuja kwa transista. Haikuwa na spika ya kujaza chumba. Ilisikilizwa kwa kuweka vipokea sauti masikioni, na chumba kikawa kimya. Ili kusikia kituo cha mbali, msikilizaji alipaswa kusogeza kitufe kwa upole, kidogo kidogo, akingoja sauti ijitenge na mvumo. Ni kazi ya subira, kama ya mvuvi wa mshipi: unaweza kukaa saa nyingi usipate kitu, na ukiondoka mapema unaweza kuondoka dakika ile ambayo samaki alikuwa anakuja.

Katika Urusi ya miaka ile vijana wengi walikuwa na ugonjwa huu wa redio. Kulikuwa na Chama cha Marafiki wa Redio kilichowaunganisha, makao yake yakiwa Moscow. Chama hicho kilikuja kuwa na umuhimu mkubwa siku Schmidt alipokuwa na jambo la kumwambia mtu.

Ajali ya Italia

Sasa twende kaskazini kabisa. Jenerali Umberto Nobile wa Italia alikuwa fundi wa kujenga vyombo vya angani vilivyoelea kwa gesi ya haidrojeni, mfano wa puto refu lenye injini na chumba cha abiria chini yake. Mwaka 1926 chombo chake kilichoitwa Norge kilivuka Ncha ya Kaskazini, yeye akiwa pamoja na mpelelezi maarufu wa Norway, Roald Amundsen. Baada ya safari hiyo wawili hao waligombana vibaya, kila mmoja akiona mwenzake amejichukulia sifa.

Mwaka 1928 Nobile alirudi na chombo kingine, kilichoitwa Italia, kikiwa na watu 16. Tarehe 23 Mei kiliondoka Kings Bay, katika visiwa vya Svalbard, na usiku wa kuamkia tarehe 24 kikafika Ncha ya Kaskazini. Wakati wa kurudi kilipambana na upepo mkali na ukungu. Asubuhi ya tarehe 25 Mei kilishuka ghafla na kugonga barafu. Chumba cha chini kilipasuka, watu 10 wakatupwa juu ya barafu, na mmoja wao akafa palepale. Puto, likiwa limepungukiwa na uzito, lilipaa tena likiwa na watu 6 ndani yake. Hao hawakuonekana tena hadi leo.

Waliobaki juu ya barafu walikuwa 9, pamoja na mbwa mdogo wa Nobile aliyeitwa Titina. Nobile alikuwa amevunjika mkono na mguu. Mwenzake mmoja, Natale Cecioni, naye alikuwa amevunjika mguu. Katika vitu vilivyoanguka walipata hema, chakula kidogo na, muhimu kuliko vyote, redio ndogo ya dharura ya masafa mafupi iliyoitwa Ondina 33. Hema walilitia rangi nyekundu ili lionekane kutoka angani, na ndiyo maana kisa hiki kinajulikana kwa jina la Hema Jekundu.

Fundi wa mawasiliano, Giuseppe Biagi, alisimamisha mlingoti kwa mabomba ya mabaki ya chombo, akafunga waya, akaanza kuita. Alituma kwa alama za Morse, saa kwa saa kwa ratiba iliyopangwa ili kutunza betri. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku zikapita, na barafu waliyokaa juu yake ikawa inasukumwa na bahari na kuwabeba bila wao kutaka.

Katika siku hizo za ukimya watatu kati yao, Waitaliano Adalberto Mariano na Filippo Zappi pamoja na Msweden Finn Malmgren, waliamua kutembea kwa miguu juu ya barafu kutafuta nchi kavu. Walioondoka na waliobaki wote hawakujua kama kuna sikio lolote duniani lililowasikia.

Ujumbe uliokatikakatika

Tarehe 3 Juni, Schmidt alikuwa akizungusha kitufe chake alipopata alama dhaifu asizozijua. Hazikuja safi. Maneno mengine yalipotea kwenye mvumo, mengine yalifika nusu. Lakini aliandika alichosikia, herufi kwa herufi, hata pale ambapo hakuelewa maana. Kwenye karatasi yake yalikuwamo mambo matatu yaliyotosha: jina la Italia, jina la Nobile, na alama za SOS.

SOS ni wito wa dharura uliokubaliwa kimataifa tangu mwaka 1906. Ni nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu. Ulichaguliwa kwa sababu ni rahisi kuutambua hata kama sauti ni mbovu.

Kulikuwa pia na maneno yaliyohusu mahali, lakini yalikuwa yameharibika, na watu waliyasoma kama Franz Josef, visiwa vilivyo mashariki zaidi. Kosa hilo la kusikia ni la kawaida, na linaonyesha jinsi kazi ilivyokuwa ngumu. Hata hivyo jambo kubwa lilikuwa limejulikana: kuna watu walio hai.

Hapa ndipo penye thamani ya Schmidt. Kusikia ni bahati, lakini kilichofuata ni uamuzi. Kijana wa kijijini asiye na cheo angeweza kujiambia kwamba wakubwa bila shaka wameshasikia, au kwamba atachekwa. Yeye hakunyamaza. Telegramu ikaenda Moscow kwa Chama cha Marafiki wa Redio, na kutoka hapo habari ikafika serikalini, kisha Italia.

Tarehe 6 Juni, Biagi akiwa kwenye hema alikuwa akisikiliza taarifa ya habari kutoka Rome. Redio yake ilipokea vizuri, tatizo lilikuwa kusikika. Mtangazaji akasema kwamba mwanaredio wa ridhaa wa Urusi amesikia wito wao. Fikiria, msikilizaji, watu waliokaa siku 12 juu ya barafu wakijiona wamesahauliwa, wakiambiwa na redio kwamba sauti yao imefika. Siku mbili baadaye, tarehe 8 Juni, meli yao ya msaada nayo ikapata mawasiliano nao na kujua mahali walipo.

Kwa nini aliye mbali alisikia na aliye karibu hakusikia?

Swali hili watu huuliza kila kisa hiki kinaposimuliwa. Meli ya msaada, Città di Milano, ilikuwa Kings Bay, chini ya kilomita 400 kutoka kwenye hema. Huo ni umbali wa karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa mstari ulionyooka. Schmidt alikuwa kilomita zaidi ya 2,000 kutoka hapo, karibu sawa na Dar es Salaam hadi Kinshasa. Iweje wa Kinshasa asikie na wa Dodoma asisikie?

Jibu liko angani. Mawimbi ya redio yakitoka kwenye antena huenda kwa njia mbili. Sehemu moja hutambaa juu ya ardhi au bahari. Katika masafa mafupi sehemu hii huchoka upesi, hasa mtambo ukiwa mdogo kama wa Biagi. Sehemu ya pili hupanda juu hadi kwenye tabaka la hewa liitwalo ionosfia, kuanzia kilomita 60 hivi kutoka ardhini na kwenda juu mamia ya kilomita. Tabaka hilo, likichajiwa na jua, huyakunja mawimbi na kuyarudisha chini, mbali sana na yalikotoka.

Chukua mfano wa mtoto anayerusha jiwe bapa juu ya maji ya ziwa. Jiwe hugusa maji, huruka, hugusa tena mbele. Samaki aliye katikati, pale jiwe liliporuka hewani, haguswi. Kati ya pale mawimbi ya chini yanapoishia na pale mawimbi ya juu yanapotua, kuna eneo linalorukwa. Anayekaa humo hasikii kitu, hata kama ana mtambo mzuri kuliko wa jirani wa mbali.

Jina Ondina 33 lilitokana na urefu wa wimbi lake, karibu mita 33, ambayo ni kama megahazi 9. Wenye redio za zamani watakumbuka namba 31 kwenye kioo cha redio, ile mita bendi ya 31 ambako idhaa nyingi za kimataifa zilisikika. Biagi alikuwa jirani kabisa na bendi hiyo. Ndiyo maana ukiwa kijijini ungeweza kuipata London au Cologne usiku bila shida, huku kituo cha nchi jirani kwenye masafa hayohayo kikikataa.

Pamoja na sayansi hiyo kulikuwa na udhaifu wa kibinadamu. Meli ya msaada ilikuwa na kazi nyingi za kutuma telegramu, zikiwemo za waandishi wa habari, na imelaumiwa sana kwa kutosikiliza kwa makini vya kutosha. Mtambo ukishughulika kusema, hauwezi kusikia. Schmidt hakuwa na cha kusema, alikuwa anasikiliza tu.

Uokoaji na gharama yake

Baada ya mahali kujulikana, nchi kadhaa zilituma ndege na meli. Roald Amundsen, aliyekuwa hazungumzi na Nobile, aliweka ugomvi kando akapanda ndege kwenda kumtafuta. Tarehe 18 Juni ndege yake ilipotea baharini pamoja na wote sita waliokuwamo. Amundsen, mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini, hakupatikana.

Rubani wa Sweden, Einar Lundborg, alifanikiwa kutua kando ya hema usiku wa tarehe 23 Juni akamchukua Nobile. Aliporudi kuchukua wengine ndege yake ilipinduka, naye akawa mmoja wa waliokwama hadi alipokuja kuchukuliwa na mwenzake.

Kazi ilimalizwa na Krasin, meli ya Urusi ya kuvunja barafu iliyotoka Leningrad. Tarehe 12 Julai iliwapata kwanza Mariano na Zappi. Malmgren hakuwa nao. Alikuwa amedhoofika, wakamwacha njiani, akafa. Siku hiyohiyo Krasin ilifika kwenye Hema Jekundu na kuwachukua watano waliobaki, Biagi akiwa mmoja wao. Kati ya watu 16 walioondoka na Italia, 8 walirudi nyumbani.

Mwisho wa Schmidt

Kwa muda Schmidt alikuwa maarufu katika nchi yake. Jina lake liliandikwa magazetini, na redio ya masafa mafupi ikapata heshima mpya. Mwaka 1930 mwanaredio mwingine wa Urusi, Ernst Krenkel, akiwa kwenye visiwa vya Franz Josef, aliwasiliana moja kwa moja na kambi ya Wamarekani huko Antaktika, upande wa pili wa dunia.

Baadaye Schmidt alihamia Tashkent, Uzbekistan, akaendelea na kazi ya redio. Mwezi Juni 1941 Ujerumani ilivamia Umoja wa Kisovieti. Raia waliamriwa kusalimisha redio zao, na watu wenye asili ya Kijerumani wakawa wanatazamwa kama maadui. Maelfu kwa maelfu walihamishwa kwa nguvu. Schmidt alikuwa na mambo mawili ya kumponza wakati huo: jina la Kijerumani na ujuzi wa kuwasiliana na nchi za mbali.

Mwishoni mwa mwaka 1941 alikamatwa akituhumiwa upelelezi. Mwezi Agosti 1942 alipigwa risasi. Alikuwa na miaka 36 hivi.

Sifa ileile iliyomfanya shujaa mwaka 1928, yaani kusikia sauti za nje ya mipaka, ndiyo iliyotiliwa shaka miaka 13 baadaye. Mwaka 1969 ilitoka filamu ya ushirikiano wa Urusi na Italia kuhusu Hema Jekundu, na ndani yake yumo kijana Schmidt na redio yake. Watazamaji walimshangilia kwenye sinema ilhali kwenye majalada ya serikali bado alikuwa mhalifu. Alisafishwa rasmi mwaka 1984, miaka 42 baada ya kuuawa.

Upande wetu

Wanaredio wa ridhaa wapo mpaka leo, hata katika nchi zetu. Kila mmoja hupewa jina la wito, na mwanzo wa jina hilo huonyesha nchi yake. Ukisikia wito unaoanza na 5H, huyo yuko Tanzania. Kenya ni 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, Kongo 9Q. Kusikiliza hakuhitaji zaidi ya redio nzuri ya masafa mafupi na waya mrefu. Kutuma ni jambo jingine: lazima uwe na leseni kutoka mamlaka ya mawasiliano, ambayo kwa Tanzania ni TCRA na kwa Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano, CA.

Wengi wetu sasa tuna simu badala ya redio ya valvu, lakini mambo matatu ya kisa hiki hayajabadilika.

La kwanza, anayeomba msaada ataje mahali mapema. Ujumbe unaweza kukatika wakati wowote. Taja kwanza uko wapi na nini kimetokea, maelezo mengine yafuate. Ukipiga 112 Tanzania, au 999 au 112 Kenya, anza na jina la kijiji, barabara au mwalo.

La pili, tunza betri. Biagi aliita kwa saa maalumu, kisha akazima. Mtu aliyekwama ziwani au porini afanye vivyo hivyo na simu yake. Mtandao ukikosekana, tochi inaweza kutoa SOS usiku: mimweko mitatu mifupi, mitatu mirefu, mitatu mifupi.

La tatu ni kwa anayesikia. Andika ulichosikia kama kilivyo, bila kujazia. Kisha mwambie mtu anayeweza kufanya jambo, na usidhani kwamba kuna mwingine ameshasema. Mwaka 1928 watu wa Hema Jekundu walipona kwa sababu msikilizaji mmoja wa kijijini hakudhani hivyo.